Ndugu Wawili Katika Chumba Kimoja

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa mchana wa kutafuta na usiku wa kupumzika. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeshika mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, aghlabu ya yanayosemwa juu ya mimbari zetu ni mambo makubwa: riba, mirathi, talaka, na bidaa zilizoingizwa katika dini. Mambo hayo yapasa kusemwa, wala hatutaacha kuyasema. Lakini dini yetu imeingia mpaka ndani ya chumba cha kulala, ikatufunza mtu alale vipi, aamke vipi, na abishe hodi wakati gani. Kwa hivyo leo nataka kusema juu ya jambo ambalo mtu akilisikia atacheka: watoto wawili wa mama mmoja na baba mmoja wanaolala chumba kimoja, mkubwa ataka kimya, na mdogo hajui kunyamaza.

Huenda mtu akasema: "Leo sheikh amekosa la kusema." La, sikukosa. Nimeliona kwa macho yangu jambo hili likikaribia kukata udugu wa watoto wawili wa Kiislamu, na nimepewa ruhusa na baba yao nilieleze, kwa sharti nisimtaje mtu.

Nilikuwa katika safari ya bara, baina ya Kitale na Bungoma. Wengi wenu mna jamaa katika miji ile. Wafanyabiashara wetu wa pwani walifika pande za magharibi katika karne ya 19, wakakaa Mumias kwa Nabongo, na Uislamu ukakita mizizi huko kabla ya reli. Reli nayo ilipofika Kitale mwaka 1926, njia ilizidi kuwa nyepesi, na mpaka leo hukosi kumkuta mtu wa Mombasa au Malindi mwenye duka lake huko, ameoa huko, na watoto wake wasema lugha tatu. Bwana huyu ni mmoja wao. Yeye ni mtu wa pwani, mkewe ni wa Bungoma, na nyumba yao i Kitale.

Yapasa mjue kuwa Kitale si kama kwetu. Mji uko juu kadiri ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mlima Elgon u karibu. Usiku wake una baridi ambayo mtu wa Mombasa hana nguo zake. Mvua ikinyesha hupiga mabati mpaka watu wawili walioketi pamoja wasisikilizane. Huko mtoto hawezi kutandikiwa mkeka barazani akalala kwa upepo wa bahari. Watu wote wa nyumba hulala ndani, na mlango hufungwa.

Nyumba ya bwana huyu ina vyumba viwili vya kulala na sebule. Chumba kimoja ni chake na mkewe. Cha pili ni cha wanawe wawili: mkubwa ana miaka 17, naye alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, na mdogo ana miaka minane. Mkubwa akitoka shule ni jioni. Akisha kuswali isha hufungua vitabu vyake kitandani. Hapo ndipo mdogo huanza: mara aimba, mara apiga ubao wa kitanda kwa visigino, mara asoma sura za juzuu Amma kwa sauti ile wanayosomea chuoni, mara auliza maswali yasiyo na mwisho. Mkubwa alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akamshitaki kwa baba. Baba akajibu kama tunavyojibu wengi wetu: "Huyo ni mtoto. Mstahimilie."

Usiku mmoja wa mvua mkubwa akashindwa. Akamshika mdogo mkono, akamtoa nje ya chumba, akafunga mlango kwa komeo. Mtoto aligonga, akalia, na mvua ikaimeza sauti yake. Mama alipoamka alfajiri alimkuta jikoni, amelala sakafuni juu ya gunia, na mwili wawaka homa. Aliugua siku kadhaa, kisha Mwenyezi Mungu akampa afya. Baba kwa hasira alichukua fimbo akampiga mkubwa, na mkubwa akatoka akaenda kwa mjomba wake Bungoma. Akapeleka neno kuwa harudi: "Baba achague, mimi au yeye."

Nilipofika Kitale, yule kijana alikuwa na wiki tatu Bungoma. Baba akaniuliza: "Sheikh, mwenye makosa ni nani katika hawa wawili?" Nikamwambia: "Kwanza nipe nafasi nizungumze na kila mmoja, kwani kadhi hahukumu kwa kumsikia mmoja."

Nikaanza na mdogo. Nikamkalisha karibu nami, nikamuuliza: "Mwanangu, mbona wapiga kelele usiku na kaka yako asoma?" Akanyamaza, akatazama chini. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema kwa sauti ndogo: "Mvua ikipiga mabati simsikii kaka. Nikisema akanikemea, najua yupo."

Ndugu zangu, neno hili lilinishika. Katika nyumba nzima hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mtoto yule kwa nini apiga kelele. Kila mtu alimwambia anyamaze. Kumbe mtoto aliogopa giza na mvua, na makemeo ya nduguye ndiyo yaliyokuwa salama yake.

Siku ya pili tukasafiri na baba kwenda Bungoma, kwa njia ya Kamukuywa, Kimilili na Chwele, tukashukia Kanduyi. Njiani nilimuuliza maswali machache juu ya nyumba yake. Je, baada ya isha nyumbani kuna kimya? Akasema kuna televisheni, yeye hupenda kusikiliza khabari, kisha huja marafiki. Je, mpaka saa ngapi? Akasema: "Saa tano, mara nyengine saa sita." Je, kwa nini yule mkubwa hasomei sebuleni? Akasema sebule ina makochi na zulia, nayo imewekwa kwa wageni. Hapo nikajua kuwa ile nyumba ina watu watatu wenye makosa, na aliye mkubwa wao ndiye aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu.

Sasa natuyatazame mambo haya kwa mizani ya dini, moja baada ya moja.

La kwanza ni haki ya mkubwa. Msidhani kuwa kijana yule alitaka jambo la upuzi. Usingizi ni neema ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Kitabu chake, na mwili wa mtu una haki juu yake, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfunza Abdullah bin Amri. Amepokea Abu Barza, na hadithi yake imo katika Bukhari, kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya isha na kuchukia mazungumzo baada yake. Wanavyuoni wamevua katika karaha hiyo mazungumzo yenye manufaa, kama kusoma ilimu na kumkirimu mgeni. Basi kijana anayedurusu usiku ana udhuru, na watu wanaopiga soga mpaka saa sita hawana.

Tena tazameni adabu ya Mtume mwenyewe. Al-Mikdad amesimulia, na hadithi imo katika Sahihi Muslim, kuwa Mtume alikuwa akija usiku hutoa salamu kwa kadiri ambayo aliye macho huisikia na aliyelala hazinduki. Na Bibi Aisha amesimulia usiku ule Mtume alipotaka kwenda Bakii, akamdhania amelala: akachukua shuka lake polepole, akavaa viatu vyake polepole, akafungua mlango polepole, asimwamshe. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye nyumba, naye atembea katika chumba chake kwa kumhurumia aliyelala.

Wala mtu asiseme: "Yule mdogo alikuwa akisoma Kurani, na Kurani haikatazwi." Abu Daud amepokea kuwa Mtume alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wasoma kwa sauti za juu, akafunua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Ikiwa kisomo cha masahaba ndani ya msikiti kimewekewa mpaka ili wasiudhiane, itakuwaje kelele nyengine? Na itakuwaje vipaza sauti vyetu vya harusi, vinavyowakesha wagonjwa na wanafunzi wa mtaa mzima, kisha tukaviita furaha ya Kiislamu?

La pili ni haki ya mdogo. Mtoto wa miaka minane hajaandikiwa dhambi. Kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Lakini kuinuliwa kalamu si kuinuliwa malezi. Hafunziki ila kwa mwenye subira, na Mtume ametuonya kwamba asiyewahurumia wadogo wetu si katika sisi.

Nawapa mfano ulio karibu sana na masiala haya. Anas bin Malik, mtumishi wa Mtume, alikuwa na ndugu mdogo wa mama mmoja, jina lake Abu Umair. Mtoto huyu alikuwa na kidege akicheza nacho, kikafa. Mtume alipoingia nyumbani mwao hakumpita yule mtoto kwenda kuzungumza na watu wazima. Alimuuliza khabari za kidege chake, akamwita kwa jina la heshima la kun-ya kama aitwavyo mtu mzima. Na nani aliyetuhifadhia kisa hiki? Ni Anas, ndugu mkubwa, naye alikitaja kuwa ni ushahidi wa uzuri wa tabia ya Mtume. Anas angeweza kusahau, kwani ni kidege cha mtoto. Lakini aliona nduguye mdogo akitukuzwa, akapenda, na kwa kupenda kwake umma wote umepata ilimu.

Tena Mtume alikuwa akiingia katika swala hali ya kuwa ataka kuirefusha, akasikia mtoto alia, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakusema: "Mtoeni mtoto huyu, atuharibia ibada." Basi ikiwa swala ya Mtume ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, kitabu cha hesabu hakiwezi kuwa sababu ya kumfungia mtoto nje katika baridi. Lile alilolitenda kijana yule lilikuwa dhulma. Sikumficha. Nilimwambia hivyo mbele ya mjomba wake.

Baadhi ya watu humwambia mdogo: "Kaka yako ni kama baba yako, mtii." Husemwa kuwa hiyo ni hadithi, na wajuzi wa hadithi wameidhoofisha. Lakini tuseme kuwa maana yake yafaa katika adabu. Basi mwenye kuitaka heshima ya baba na aubebe mzigo wa baba. Haiwezekani mtu kuwa baba wakati wa kutiiwa, kisha akawa mtoto mwenziwe wakati wa kustahimili.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni wajibu wa baba. Mtume ameeleza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Ametuamrisha tuwahimize watoto swala wakiwa na miaka saba, na watimizapo kumi tuwatenge katika malazi. Wanavyuoni wamefahamu kuwa makusudio ni kila mtoto awe na malazi yake, si lazima awe na chumba chake. Hii ni rehema kwa maskini. Hakuambiwa mtu ajenge ghorofa. Ameambiwa awe na nidhamu. Na katika Sura ya Nur, Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo hubisha hodi: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya isha. Maana yake ni kwamba nyumba ya Muislamu ina saa zake, na kila mtoto azijua. Nyumba isiyo na saa, ambayo baba yu macho kama mchana na televisheni yapiga kelele, itamfunza nani kunyamaza? Lukman alimuusia mwanawe ainamishe sauti yake. Baba asiyeinamisha sauti ya nyumba yake hana la kumuusia mtoto.

Kisha kuna khabari ya sebule. Ndugu zangu, na hapa nasema na nyinyi wa pwani pia, si watu wa Kitale peke yao. Nimeingia katika nyumba za Mombasa ambazo watoto watano hubanana katika chumba kimoja, na chumba kilicho kizuri kuliko vyote kimefungwa, makochi yamefunikwa vitambaa, yangoja mgeni ajaye mara mbili kwa mwaka. Kumkirimu mgeni ni katika imani, hapana shaka. Lakini mtoto hakuja nyumbani kwako kwa bahati. Mwenyezi Mungu amemleta, na yeye ana haki kabla ya kochi. Mtu huyo huyo akioza binti yake hukopa fedha za karamu ya siku tatu, na ukimwambia anunue kitanda cha pili na meza ya kusomea, husema hali ni ngumu.

Na uadilifu pia ni wajibu wa baba. An-Nuuman bin Bashir alisimulia kuwa baba yake alimpa zawadi peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume. Mtume akamuuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema la, akakataa kushuhudia, akamwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Kumwambia mkubwa "mstahimilie" kila siku, bila ya kumwambia mdogo neno lolote, ni kutoa haki upande mmoja. Na kumpiga mkubwa bila ya kumuuliza alisoma vipi usiku ule ni dhulma iliyofuata dhulma.

Nilipomkuta kijana Bungoma nilimkumbusha kisa cha Nabii Musa na nduguye Harun. Musa aliporudi kwa kaumu yake akawakuta wameabudu ndama, alimghadhibikia nduguye, akamshika kichwa akimvuta. Harun hakumjibu kwa ghadhabu. Alimwita mwana wa mama yake, akamweleza udhuru wake. Hapo hapo Musa akamwomba Mola wake msamaha, kwa nafsi yake na kwa nduguye, wote wawili katika dua moja. Nikamwambia: "Mwanangu, hata baina ya Manabii ndugu amemshika nduguye kwa hasira. Lakini Musa alipousikia udhuru, hakwenda kukaa kwa mjomba. Aliomba msamaha. Wewe hukuusikia udhuru wa nduguyo, basi usikie sasa." Nikamweleza neno la mtoto juu ya mvua na mabati.

Kijana aliinamisha kichwa, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Sheikh, sasa usiku analala na nani?" Baba yake akamjibu: "Analala peke yake. Taa hataki izimwe." Yule kijana akainuka akaenda kukusanya vitabu vyake.

Kabla ya kuondoka tuliandikiana mambo manne, na baba aliyakubali mbele ya shemeji yake. Moja, televisheni izimwe baada ya isha siku za shule, na marafiki waje mchana au Ijumaa. Mbili, sebule ifunguliwe, iwekwe meza, na mkubwa asomee humo mpaka saa nne, kisha aingie kulala. Tatu, baada ya magharibi mkubwa amsomeshe mdogo sura zake kwa nusu saa, kwa sauti ya kawaida na kwa maana yake, si kwa ukelele wa chuoni ambao mtoto hajui asomacho. Nne, hapana mlango wa nyumba ile utakaofungwa kwa komeo mtoto yu nje, kwa kosa lolote. Na baba mwenyewe alimwomba mwanawe radhi kwa ile fimbo. Jambo hili laona uzito baba wengi, lakini heshima ya baba haikupungua kwa hilo. Niliiona ikizidi.

Tulifika Kitale usiku, saa nne imekwisha kupita. Mdogo alikuwa amekwisha kulala. Kijana alivua viatu vyake mlangoni, akavichukua mkononi, akaingia chumbani. Sikumfunza hilo. Asubuhi mama yao alitwambia kuwa mdogo alizinduka alfajiri, akauliza gizani: "Kaka?" Akajibiwa: "Nipo, lala." Akalala.

Ndugu zangu, msingoje mtoto alale juu ya gunia ndipo muulize. Usiku wa leo, mtu akirudi nyumbani kwake, na asimame mlangoni mwa chumba cha wanawe asikilize. Kama kuna kelele, aulize sababu yake kabla ya kuikemea. Kama kelele hiyo yatoka kwake mwenyewe, aizime. Na nyinyi vijana, huyo anayewakera leo katika kitanda cha pili, kesho ndiye atakayebeba jeneza la wazazi wenu pamoja nanyi, na mirathi ikigawanywa ndiye mtakayetazamana naye. Yale mnayotendeana sasa ndiyo mtakayokumbukana kwayo siku hiyo.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Ziunge nyoyo za ndugu baina yao, uwahurumie wadogo wetu, na utusamehe sisi wazazi yale tuliyoyapuuza katika nyumba zetu. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.